Chicago Ndani ya Carnegie Hall: Matarumbeta Yanayolia Kama Chanuo

REHEMA: Haya, tumerudi. Leo kaka Sadiki kaja na boksi. Kulipokea tu mkono umechoka.

SADIKI: Santuri nne, dada. Bendi ya roki ya Marekani, Chicago, laivu ndani ya ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Aprili 1971. Walipiga maonyesho manane kati ya tarehe 5 na 10, na nyimbo nyingi walizokuwa nazo zimeingia humu.

REHEMA: Santuri nne za laivu! Walikuwa wameshatoa albamu ngapi?

SADIKI: Tatu. Na kila moja ni santuri mbili. Hawa jamaa kufupisha hawakufundishwa.

REHEMA: Kwa asiyewajua, ni watu saba. Watatu ni wapulizaji: Lee Loughnane tarumbeta, James Pankow tromboni, Walter Parazaider saksafoni na filimbi. Na hawako pale kupamba kiitikio halafu wakae. Wanabishana na gitaa mwanzo mwisho.

SADIKI: Sasa sikia kichekesho. Pankow mwenyewe, mpuliza tromboni, haipendi hii albamu.

REHEMA: Acha wewe!

SADIKI: Alisema vyombo vyao mle vinalia kama kazoo. Unaijua? Kile kitu unachoweka mdomoni ukaimbia ndani yake, kama...

REHEMA: Kama chanuo! Unafunika na nailoni, unaimbia hapo mpaka midomo inawasha. Mama anatafuta chanuo chake nyumba nzima.

SADIKI: Hichohicho! Lawama akautupia ukumbi. Carnegie Hall ulifunguliwa 1891, mtunzi Mrusi Tchaikovsky akiwa pale anaongoza muziki wake. Ni ukumbi wa fidla isikike mpaka viti vya juu bila kipaza sauti. Wewe ingiza humo maspika na gitaa la Terry Kath, mpiga gitaa wao, uone.

REHEMA: Nimeisikiliza jana usiku, taa zimezimwa. Ni kweli, tromboni imekonda. Lakini nenda kwenye wimbo wa South California Purples. Kath anakwaruza zile nyuzi, na mimi wapulizaji nikawasahau kabisa.

SADIKI: Ndiyo tatizo lenyewe! Bendi ya matarumbeta, unayasahau?

REHEMA: Jioni ile nimeyasahau, nifanyeje? Kath alifariki Januari 1978, risasi ya bahati mbaya. Kila rekodi yake akiwa jukwaani mimi naichukua na kasoro zake.

SADIKI: Basi chukua albamu yao ya laivu ya Japani, Osaka, Juni 1972. Mwaka mmoja tu baadaye, bendi ileile, na tromboni inalia kama tromboni. Tena wimbo wa Lowdown wanauimba Kijapani.

REHEMA: Sawa, lakini hapa Carnegie wanamwimbia Nixon nchini kwake mwenyewe.

SADIKI: Aa, hapo umenibana.

REHEMA: Kuna wimbo A Song for Richard and His Friends. Richard ndiye Nixon, rais wa Marekani aliyekuwa madarakani wakati ule, wanamwambia aondoke, ndani ya ukumbi wa watu wa suti. Yeye kajiuzulu 1974.

SADIKI: Halafu ndani ya boksi wakatia na maelezo ya kujiandikisha kupiga kura! Umenunua muziki, umepewa na kazi ya nyumbani.

REHEMA: Haya, weka kitu.

SADIKI: Naweka Robert Lamm, mpiga kinanda wao, peke yake kwenye piano, kabla ya wimbo Does Anybody Really Know What Time It Is? Anatangatanga, hujui anakwenda wapi. Nyamaza kidogo, wapulizaji wanaingia...

REHEMA: Chanuo hilo! Nimelisikia!