Posti Iking'oka, Tazama Ukuta wa Mzizi

Ndugu zangu madaktari wa meno wa Kigoma, nanyi mliotoka Kasulu na Kibondo, posti, kile kijiti kinachobandikwa ndani ya mzizi kushikilia jino la kujengea, inawekwa lini mnajua, siyarudii. Nataka tuishike ile posti ya faiba ambayo mgonjwa ameirudisha kwenye karatasi. Kabla hujaitupa, igeuze kwenye mwanga. Mara nyingi utaona simenti imeng'ang'ania posti na kuachana na dentini, yaani ukuta mgumu wa mzizi. Sasa unabadilisha aina ya posti ya nini? Mfereji wa mzizi ndio ulikuwa mchafu!

Drili ikitoa gatapecha, ule mpira uliojaza mfereji, joto la msuguano huilainisha na kuisiliba ukutani pamoja na dawa ya kuzibia mzizi na vumbi la dentini. Utaniambia, "Lakini niliweka asidi ya fosforiki ya asilimia 37, sekunde 15." Asidi inakula madini ya dentini, gatapecha haiigusi. Utando ule ukwanguliwe kwa brashi au ncha ya mtambo wa mtetemo, kisha piga eksirei. Zile milimita 4 hadi 5 za gatapecha za chini zibaki, ukuta wa juu uwe mtupu. Na kama simenti yako ni ya kujibandika yenyewe, asidi hiyo usiiweke kabisa kwenye dentini.

Kuna yujinoli pia, kiini cha mafuta ya karafuu. Karafuu hii tunayoipenda kwa maumivu ya jino huzuia rezini, ile plastiki iliyomo kwenye simenti, kuganda, kwa hiyo ikibaki ukutani, simenti inayoigusa inabaki laini. "Basi namalizia kuosha na hipokloraiti, inaua vijidudu." Inaua, ndiyo, lakini inaacha oksijeni, nayo inazuia rezini vilevile. Nimelisema hili mara nyingi na bado naliona: maji ya mwisho ya kuoshea yawe maji matupu! Kausha kwa vijiti vya karatasi, usipulize hewa mpaka dentini ikauke kau. Nyuzi zake za kolajeni zitalala na gundi haitapenya.

Muda umekwisha, nayapitia mbio. Simenti iwe ya kuganda kwa mwanga na yenyewe pia, maana mwanga wa taa haufiki chini. Ijaze kwa ncha nyembamba kuanzia chini, ukipanda nayo, hewa isibaki. Kwa joto letu hili huganda upesi, na posti ikikwama nusu njia hairudi. Sirinji ya simenti isikae dirishani. Na jino lisilobakiwa na ukanda mzima wa jino lenyewe wa milimita 2 juu ya fizi, usilianzie na posti.