Mpaka Usiouona Ndio Unaokutoza

Wazazi wenzangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga safari ya familia wakati wa kiangazi, ile safari ya kupita nchi kadhaa za jirani kule Ulaya. Nitajikita kwenye nchi zinazoshikana na milima ya Alps, yaani Ufaransa, Uswisi, Ujerumani, Austria na Italia. Huko ndiko mtu anaweza kuamka nchi moja, akala mchana nchi ya pili na kulala nchi ya tatu. Huko pia ndiko familia nyingi hurudi nyumbani na bili ambazo hazikuwemo kwenye hesabu.

Tuanze na kijiji. Schengen ni kijiji cha Luxemburg kando ya mto Moselle, pale Luxemburg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa nchi tano waanzilishi walipanda meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, na humo ndani wakatia saini makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani. Utekelezaji ulianza mwaka 1995, na leo nchi zilizomo kwenye eneo hilo, linaloitwa Schengen kwa jina la kijiji, ni 29. Sasa angalieni kilichoondolewa ni nini: ni kizuizi cha barabarani na afisa wa kugonga muhuri. Basi. Sheria za barabarani, ada, mitandao ya simu, sarafu, likizo za shule, vyote vilibaki na wenyewe. Ukitoka Ujerumani kuingia Austria unaona kibao cha buluu chenye duara la nyota na jina la nchi. Watoto kiti cha nyuma hawana habari. Lakini kamera iliyo mbele kidogo inayo habari.

Ndiyo maana nasema, usianze na orodha ya vivutio. Chukua ramani, hesabu ni mara ngapi utavuka mpaka, na kwa kila mpaka uliza ni nini kinachobadilika pale. Vivutio vitajipanga vyenyewe baadaye, na vingi utavikata bila huzuni.

La viza, ambayo ni moja kwa nchi zote za Schengen, nitalipitia haraka kwa sababu maelezo yake yamejaa kwenye tovuti za balozi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Mtu mzima analipa yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 yuro 45, aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Watu wanapokosea ni kuchagua ubalozi. Wanapeleka maombi pale wanaposikia kwamba viza inatoka kwa urahisi, na sheria inasema upeleke kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hiyo huwezi kujaza fomu kabla hujajua utalala wapi kila usiku. Na ukitaka kuchepuka kwenda nchi iliyo nje ya Schengen, tuseme Uingereza au Serbia, kisha urudi, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utabaki huko nje na hoteli yako ya Vienna imeshalipiwa.

Wenye vibali vya kuishi katika nchi mojawapo ya Schengen hawahitaji viza kutembelea nyingine, ila wabebe pasipoti pamoja na kibali, na hesabu ya siku 90 ndani ya kila siku 180 inawahusu wakiwa nje ya nchi wanayoishi. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Kwa wageni wa muda mfupi, tangu 12 Oktoba 2025 kuna mfumo wa EES unaochukua picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri, na unahesabu siku wenyewe. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Halafu msidanganywe na neno mpaka wazi: Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Pasipoti zikae mahali unapoweza kuzifikia bila kufungua buti la gari.

Sasa barabara. Hapa nitakaa kidogo.

Nchi hizi tano zina mila tano za kulipia barabara kuu. Ujerumani gari dogo halilipi kitu. Walijaribu kuanzisha ada ambayo kwa hesabu zake ingewaangukia wageni peke yao, Austria ikawashtaki, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaifuta. (Majirani wazuri, lakini kila mtu ana mwanasheria wake.) Austria unanunua stika ya kubandika kwenye kioo cha gari, au unasajili namba ya gari kwenye mtandao, na unachagua muda: siku 1, siku 10, miezi 2 au mwaka. Uswisi hakuna kuchagua muda. Stika ni moja tu, ya mwaka mzima, faranga 40, hata kama unakatiza nchi kwa saa tatu kwenda Italia. Ukikamatwa huna, faini ni faranga 200, na stika utainunua juu yake. Ufaransa na Italia unachukua tiketi ukiingia barabara kuu na kulipa ukitoka, kulingana na umbali. Siku hizi Ufaransa kuna barabara zisizo na kibanda cha kulipia kabisa, kama A79, na A13 na A14 za kuelekea Normandy. Kamera inasoma namba, nawe una saa 72 za kulipa mtandaoni. Hakuna atakayekusimamisha kukukumbusha.

Na ndani ya hizo mila tano kuna vichochoro. Ukitoka Innsbruck kupanda njia ya mlimani ya Brenner kwenda Italia, uko kwenye A13 ya Austria, na stika yako ya Austria haihusiki pale: barabara hiyo ina ada yake. Upande mwingine kuna kichochoro kinachokufaa. Kutoka mpaka wa Ujerumani karibu na Bregenz, mji wa Austria kando ya ziwa Konstanz, hadi Hohenems, A14 ya Austria imesamehewa stika. Iliamuliwa hivyo mwaka 2019, ili magari ya wapita njia wanaokwepa kununua stika yasijazane kwenye mitaa ya Bregenz. Ukipita kilomita chache mbele ya Hohenems, msamaha umekwisha.

Gari la kukodi lina mipaka yake ndani ya mkataba. Mwambie mwenye gari, kabla ya kulipa, nchi zote utakazopita, na akuandikie. Kampuni nyingi hutoza ziada kwa kuvuka, na ukitaka kulirudisha gari nchi nyingine, ada ya kuliacha huko inaweza kushinda kodi yenyewe. Mfano ninaoupenda ni uwanja wa ndege wa Basel. Uko kwenye ardhi ya Ufaransa, lakini una upande wa Ufaransa na upande wa Uswisi, na kuna barabara maalumu ya forodha inayouunganisha na jiji la Basel. Ukishuka ndege moja unaweza kutokea mlango wa kushoto au wa kulia. Gari la upande wa Uswisi huwa na namba za Uswisi na stika tayari kwenye kioo. La upande wa Ufaransa huna uhakika. Abiria waliosinzia hutokea mlango wowote, kisha wanazunguka na mabegi wakitafuta kaunta ambayo iko nyuma ya ukuta.

Italia kuna jambo moja zaidi: maeneo ya ZTL, katikati ya miji ya kale kama Firenze, Pisa na Verona, ambako gari la mgeni haliruhusiwi kuingia saa fulani. Kuna kibao, kuna kamera, hakuna geti. Ramani ya simu inaweza kukupitisha humo bila wasiwasi wowote. Barua ya faini kwa anayeishi nje ya Italia inaweza kutumwa hadi siku 360 baadaye, na kampuni ya gari itakuwa imeshakukata ada yake kwa kazi ya kuwapa polisi jina lako. Ukipanga hoteli ndani ya mji wa kale, waandikie mapema uwaulize gari litaegeshwa wapi na kama wanaweza kuisajili namba yako.

Kiti cha mtoto nacho kinabadilika mpakani. Austria inakidai hadi mtoto atimize miaka 14 au afike sentimita 135. Ujerumani miaka 12 au sentimita 150. Mtoto wa miaka kumi mwenye sentimita 140 yuko halali Austria bila kiti, akivuka kibao cha buluu hayuko halali tena. Fuata sheria kali kuliko zote njiani na usahau nyingine.

Uswisi inahitaji sentensi zake peke yake kwa sababu imo Schengen lakini haimo Umoja wa Ulaya. Pesa ni faranga. Forodha ipo: nyama isiyolipiwa ushuru mwisho ni kilo 1 kwa kila mtu, na tangu Januari 2025 bidhaa zinazozidi faranga 150 kwa kila mtu zinalipiwa kodi. Simu ndiyo inayouma zaidi. Tangu Juni 2017 ukiwa na laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya unatumia kifurushi chako katika nchi nyingine za Umoja bila ziada, na watu wameshazoea hivyo. Uswisi haimo kwenye mpango huo. Tena huhitaji hata kuingia Uswisi. Ukiwa ufukweni upande wa Ujerumani wa ziwa Konstanz, simu ya mtoto anayeangalia katuni inaweza kunasa mnara wa ng'ambo ya maji. Zima matumizi ya data nje ya nchi (roaming) kabla ya kufika. Na mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikate kwa sarafu ya kwenu, kataa, chagua ya nchi uliyopo.

Nimetaja ziwa Konstanz. Hili ndilo ningewashauri wenye watoto wadogo. Ujerumani, Austria na Uswisi zote zina pwani pale, na Liechtenstein iko karibu, kilomita kama 40 kutoka Bregenz. Kodi nyumba moja kwa wiki nzima, Lindau au Bregenz, kisha nchi ziwe matembezi ya mchana. Kuna kivuko cha magari kutoka Friedrichshafen, upande wa Ujerumani, hadi Romanshorn, upande wa Uswisi, na kwa mtoto wa miaka mitano kuvuka nchi ndani ya meli ni jambo kubwa kuliko makumbusho yoyote. Jioni mnarudi kitanda kile kile. Familia inayobadilisha hoteli kila usiku haitembei nchi tano. Inapakia na kupakua mabegi katika nchi tano.

Tarehe. Ujerumani majimbo yanafunga shule kwa zamu. Bavaria huwa ya mwisho, karibu na Agosti mosi, hadi katikati ya Septemba. Italia inafunga mapema Juni na kilele chake ni 15 Agosti, siku ya Ferragosto. Ufaransa ina huduma ya Bison Futé, iliyoanza 1976, inayoipa kila siku rangi ya foleni: kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi. Jumamosi inayokutanisha wanaorudi wa Julai na wanaoondoka wa Agosti huwa nyeusi. Nyumba nyingi za likizo hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, ndiyo maana. Safiri Jumanne.

Handaki la Gotthard Uswisi ni kipimo kizuri. Lina kilomita 16.9, lilifunguliwa 1980, na magari ya pande zote mbili yanapishana ndani ya bomba moja. Mwishoni mwa juma la Julai, foleni ya Göschenen, kwenye mlango wake wa kaskazini, hutangazwa redioni kwa kilomita. Juu yake ipo barabara ya zamani ya mlimani, mita 2,106, ambayo kiangazi huwa wazi. Ina kona nyingi, ina baridi, na watoto wanaochafukwa tumbo wapewe dawa kabla. Mimi ningepita huko. Wengine wangependelea San Bernardino, njia iliyo mashariki. Kama shule za watoto wako zinaruhusu, nusu ya pili ya Juni ni bora kuliko yote haya.

Kwa treni, mengi niliyosema yanayeyuka, isipokuwa simu na forodha. Wakazi wa Ulaya wana pasi ya treni iitwayo Interrail, wengine Eurail, na watoto wa miaka 4 hadi 11 husafiri bure na mtu mzima, wawili kwa kila mkubwa, mradi nao wachukuliwe pasi zao. Ila treni za kasi za Ufaransa na Italia, na treni za usiku, zinataka nafasi iwekwe na kulipiwa kando, na nafasi za wenye pasi huisha mapema. Treni nyingi za Ujerumani, Austria na Uswisi unapanda tu.

Kuna swali lililoandikwa kwenye karatasi hapa, la mama aliyeko pale nyuma. Anauliza: wajukuu wanaishi Ufaransa, bibi yao anataka kuwapeleka Italia bila wazazi, je, inatosha kubeba pasipoti?

Haitoshi, mama. Tangu 15 Januari 2017 mtoto anayeishi Ufaransa akitoka nje ya nchi bila mzazi lazima awe na fomu ya ruhusa, wanaiita AST, iliyosainiwa na mzazi mwenye mamlaka naye, pamoja na nakala ya kitambulisho cha huyo mzazi. Fomu inapatikana bure mtandaoni. Wanaotoka nchi nyingine waandike barua ya ridhaa, ithibitishwe na mwanasheria, na waongeze cheti cha kuzaliwa, hasa kama jina la ukoo la mtoto si la anayesafiri naye. Mzazi mmoja anayesafiri bila mwenzake naye abebe barua hiyo. Kila mtoto awe na fomu yake. Moja haiwabebi wote.