Mbiu Ndani ya Damu: CRP na Hatari ya Ugonjwa wa Moyo

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuvumilia mpaka zamu ya msemaji wa mwisho.

Nimekuja na karatasi moja tu ya maabara, jina limefutwa. Mstari wa nne umeandikwa: CRP, 4.2, miligramu kwa lita. Pembeni kuna nyota, alama ya kwamba kiwango kimezidi. Mwenye karatasi hii alinijia hajalala usiku kucha. "Daktari, mishipa yangu ya moyo imeoza?" Nilimwambia akae kwanza.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. CRP, protini iliyomo kwenye damu, ni mbiu hiyo. Inatangaza kwamba kuna jambo mwilini, lakini haisemi ni jambo gani wala liko wapi.

Jambo lenyewe madaktari tunaliita mcharuko. Ukichomwa na mwiba, kidole kinakuwa chekundu, kinavimba, kinapata joto, kinauma. Baada ya siku chache kinapoa, na hakuna ubaya hapo. Mcharuko ninaouogopa ni ule usiouma, unaoendelea miaka na miaka ndani ya ukuta wa ateri. Kolesteroli mbaya, yaani LDL, hupenya na kunasa ukutani. Chembe nyeupe za damu huifuata na kuimeza, zinameza tena, mpaka zinajaa mafuta na chini ya hadubini huonekana kama povu. Juu yake hujengeka kifuniko. Watu wengi hudhani mshipa huziba taratibu kama bomba lenye kutu. Mara nyingi sivyo. Chembe zilezile zilizocharuka humwaga vimeng'enya vinavyomong'onyoa kifuniko, siku moja kinapasuka, na damu inayopita hapo huganda papo hapo. Ndiyo maana mtu aliyepanda ngazi jana bila shida anaweza kupata shambulio la moyo leo.

CRP yenyewe ilionekana mara ya kwanza mwaka 1930. William Tillett na Thomas Francis, katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, waliona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ina kitu kinachoshikana na sukari fulani ya bakteria, waliyokuwa wameipa herufi C. Ndiko jina lilikotoka: kwa Kiingereza C-reactive protein, yaani protini inayoshikana na C. Leo tunajua ni protini inayotengenezwa na ini, hasa kwa amri ya kemikali iitwayo intaleukini-6. Maambukizi makali yanaweza kuipandisha kutoka chini ya 1 hadi zaidi ya 100 ndani ya siku moja au mbili.

Kwa moyo, tunatumia kipimo chenye unyeti wa juu, kinachosoma viwango vidogo. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliweka mipaka: chini ya 1 hatari ni ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, juu ya 3 ni kubwa. Ikizidi 10, tafuta kwanza maambukizi, kisha upime tena. Mimi mwenyewe niliwahi kujipima nikiwa na jipu kwenye fizi, nikapata 14. Nilimwendea daktari wa meno, si wa moyo.

ESR, kipimo kingine cha mcharuko ambamo damu husimamishwa saa moja kwenye bomba jembamba tuone chembe nyekundu zimezama kiasi gani, ina kazi zake. Lakini upungufu wa damu, umri na ujauzito huivuruga mno. Kwa swali la moyo, iacheni.

Sasa, je, tukiinyamazisha mbiu tumemaliza jambo? Hapa ndipo wauzaji wa vidonge vya "kushusha CRP" wanapowadanganya. Wapo watu waliozaliwa na jeni zinazowapa CRP ya juu maisha yao yote, na uchunguzi uliowahusisha watu wengi haukuona wakiugua moyo zaidi kwa sababu hiyo. CRP haichomi mshipa. Kinachochoma kiko juu yake, kwa hao wanaotoa amri, kama intaleukini-6.

Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS ulilijaribu wazo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa 2 au zaidi. Dawa ya kanakinumabu, inayozima mcharuko bila kugusa LDL, ilipunguza mashambulio mapya, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15 katika dozi ya kati. Nilifurahi, nikasoma ukurasa uliofuata: vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo haikupungua. Methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza mcharuko, ilijaribiwa baadaye, haikusaidia kitu. Kolichisini, dawa kongwe ya jongo, ndiyo iliyofanya vizuri kwa dozi ndogo ya miligramu 0.5 kwa siku, na mwaka 2023 Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa moyo. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Ina madhara kwa mwenye figo au ini dhaifu.

Na statini? Hizo hushusha LDL na CRP kwa pamoja, kwa hiyo kujua sifa ni ya nani ni vigumu. Binafsi, nikilazimishwa kuchagua namba moja ya kufuatilia, nachagua LDL.

Nirudi kwa mwenye karatasi. Nilimpima shinikizo la damu na sukari, nikamwangalia fizi, nikapima kiuno, maana mafuta ya tumboni nayo hutoa intaleukini-6. Nikamwambia arudie kipimo baada ya wiki mbili, akiwa hana hata mafua. Akarudi na 3.9. Nikamuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Akaigeuza karatasi mbele na nyuma, akasema mbona hilo halikuandikwa hapa.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, uliza.