Tiketi ya Kituo Kimoja, Safari ya Kilomita 700

KASSIM: Karibuni tena wapenzi wa reli. Leo dada Mwanaidi amekuja na ramani ya Tokyo, kaijaza kalamu nyekundu mpaka majina hayasomeki.

MWANAIDI: Yanasomeka kwa mwenye subira! Haya, kutoka Akihabara kwenda Kanda kuna umbali gani?

KASSIM: Si stesheni zinazofuatana hizo? Hujakaa vizuri, umefika.

MWANAIDI: Basi mimi nataka nifike Kanda kwa kuzunguka kutwa nzima, na nauli isifike yen 200.

KASSIM: Hapo umeshaanza kunitia kesi na mkaguzi wa tiketi.

MWANAIDI: Kesi ya nini, kaka? Ni halali kabisa. Kampuni ya reli ya JR East ina eneo kubwa kuzunguka Tokyo ambamo nauli inahesabiwa kwa njia ya bei nafuu kuliko zote, hata kama wewe umepita kwingine. Masharti ni haya: usipite stesheni moja mara mbili, usitoke nje ya geti, na safari iishe siku ileile. Reli za pale zimesukana mno, hakuna wa kumfuatilia kila abiria kapitia wapi. Wapenda reli wakaiona kanuni hiyo, wakaifanya fumbo: nani atapata njia ndefu zaidi kwa tiketi hiyohiyo.

KASSIM: Twende. Natoka Akihabara.

MWANAIDI: Unakwenda mashariki hadi Chiba, halafu Soga. Hapo unashika reli ya Uchibo, kilomita 119 na ushee, inazunguka rasi ya Boso hadi Awa-Kamogawa. Kisha unarudi juu kwa reli ya Sotobo, upande wa Pasifiki.

KASSIM: Ngoja. Sotobo si inarudi palepale Soga?

MWANAIDI: Ahaa! Hapo ndipo wageni wa mchezo huu wanaponaswa. Ukifika Soga mara ya pili umekwisha. Kwa hiyo unashuka Oami, unaingia reli ndogo ya Togane, kilomita 13.8, stesheni tano tu. Ukiitazama kwenye ramani huwezi kuidhania lolote. Lakini ndiyo inayokutoa kwenye rasi ile bila kukanyaga nyayo zako. Inakutema Naruto, unaendelea Sakura, Narita, hadi Abiko.

KASSIM: Mpaka hapo njaa imeshanimaliza, na getini sitoki.

MWANAIDI: Abiko, palepale jukwaani, kuna kibanda cha tambi za soba kwenye mchuzi wa moto, juu wamekuwekea minofu ya kuku wa kukaanga, mikubwa. Unakula umesimama huku unachungulia saa. Njia nyingi za mchezo huu zinapita Abiko, na sidhani kama ni kwa ajili ya reli peke yake.

KASSIM: Sasa hiyo ndiyo mipango ya safari!

MWANAIDI: Kutoka hapo Tomobe, Oyama, Takasaki. Halafu reli ya Hachiko, ambayo kipande chake cha kaskazini bado ni treni za dizeli, na zinapita kwa nadra. Ukiikosa moja, ratiba yote ya jioni inaporomoka. Mimi napanga kuanzia hapo kwenda nyuma: kwanza natafuta treni ya Hachiko, ndipo najua niondoke Akihabara saa ngapi. Kisha Hachioji, Hashimoto, Chigasaki, na reli ya Tokaido hadi Tokyo. Kanda ni stesheni moja mbele. Takriban kilomita 700.

KASSIM: Lakini hili si lile fumbo la mwanahisabati Euler na madaraja saba ya mji wa Königsberg?

MWANAIDI: Ni ndugu yake, ila ni gumu zaidi. Mwaka 1736 Euler alijiuliza kama unaweza kuvuka kila daraja mara moja tu, na jibu alilipata kwa kuhesabu madaraja yanayokutana kila upande wa nchi kavu. Hili letu la njia ndefu isiyorudia kituo halina hesabu fupi kama hiyo. Ramani ikikua, hata kompyuta inatoka jasho.

KASSIM: Na huku kwetu? Reli ya Kati, ya Tanga, TAZARA?

MWANAIDI: Kwetu fumbo linakufa mapema, reli zetu ni matawi. Ukienda Kigoma umefika mwisho, ukienda Mpanda umefika mwisho. Pete ninayoiona mimi ni moja: Dar, Kidatu kwa TAZARA, Kilosa, Dar tena.

KASSIM: Ila pale Kidatu reli mbili hazilingani upana, milimita 1,067 kwa 1,000. Na kutoka Kidatu kwenda Kilosa utapanda treni gani ya abiria?

MWANAIDI: Ndiyo maana nimesema ninaiona, sikusema ninaipanda.

KASSIM: Swali la mwisho. Nimechoka, nikasinzia baada ya Chigasaki?

MWANAIDI: Omba Mungu isiwe. Treni nyingi za Tokaido haziishii Tokyo siku hizi, zinapitiliza Ueno na kwenda kaskazini. Unaweza kuzindukia Takasaki.

KASSIM: Nilikopita mchana!

MWANAIDI: Na tiketi yako ilikwisha kazi zamani. Kipande ulichopitiliza unakilipia upya, kwa nauli kamili.

KASSIM: Na treni ya kurudi?

MWANAIDI: Usiku ule? Tafuta nyumba ya wageni.