Mji Uliojikinga kwa Jina la Mwandishi

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Eatonville, mji mdogo wa Florida, Marekani, kaskazini ya Orlando. Kila Januari watu hukusanyika pale kumsherehekea Zora Neale Hurston, mwandishi wa riwaya aliyekulia hapo. Kaka Juma, wewe ndiye uliyeking'ang'ania kipindi hiki.

JUMA: Haswa, dada, maana tamasha lenyewe lina kisa. Mwaka 1987 serikali ya kaunti ilitaka kuipanua barabara kuu ya Eatonville iwe ya njia tano. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu. Ikipita barabara ya namna hiyo katikati, mji umekwisha.

SALMA: Na mwaka huohuo ulikuwa unatimiza miaka 100!

JUMA: Ndiyo. Ulisajiliwa Agosti 1887 na wanaume weusi 27, miaka ishirini na kitu tu baada ya utumwa kukomeshwa. Ni kati ya miji ya mwanzo kabisa Marekani kuanzishwa na kuongozwa na watu weusi wenyewe. Baba yake Zora, John Hurston, alikuwa mhubiri, akawa pia meya wa pale.

SALMA: Enhe, wakazi wakafanyaje?

JUMA: Wakaunda chama cha kuuhifadhi mji wao, wakamtanguliza Zora mbele. Hapa ndipo inapotokea sehemu kubwa ya riwaya yake ya 1937, Their Eyes Were Watching God. Duka ni lile, baraza ni ile. Januari 1990 wakafanya tamasha la kwanza, na mpango wa njia tano ukawekwa kando.

SALMA: Hapo kwenye baraza ngoja nisimame kidogo. Sisi watu wa pwani tukimsoma Zora tunajiona tuko kwetu. Mwaka 1927 alirudi Eatonville kutoka masomoni New York, anatafuta ngano. Anaingia na gari lake, anawaona wanaume wamekaa barazani pa duka, wanacheza karata. Anawaambia amefuata hadithi zao. Mmoja anashangaa: nani atakayesoma hizo hadithi za kale za Sungura na Dubu?

JUMA: Sungura yuleyule wa bibi zetu, aliyevushwa bahari na watumwa!

SALMA: Huyohuyo. Zora akawaambia zina thamani kuliko wanavyodhani, ziandikwe kabla hazijapotea. Ndipo inaponiuma, kaka. Mtu aliyewahifadhia wenzake maneno yao alifariki Januari 1960 kule Fort Pierce, katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Akazikwa kwa michango, kaburi halina hata alama. Mwaka 1973 mwandishi mwenzake, Alice Walker, akaenda kulitafuta, akajifanya mpwa wake ili watu wamweleze. Makaburini magugu yametanda. Akapaza sauti, "Zora!" Mguu ukadidimia kwenye shimo. Akaamini hapo ndipo kaburi lilipo, akaweka jiwe.

JUMA: Jiwe ni heshima kubwa, simpunguzii Alice Walker hata chembe. Ila mimi nawavulia kofia watu wa Eatonville, kwa sababu wao waliuliza jina hili litatusaidia nini sisi tunaoishi hapa. Siku za tamasha mtaa hujaa wachuuzi, wanamuziki, wachoraji. Maprofesa wanatoa mihadhara, watoto wa shule wana siku yao. Mwandishi anaingia midomoni mwa watu ambao huenda hawajafungua kitabu chake.

SALMA: Na wakishaonja, wengine watakifungua.

JUMA: Inshallah. Halafu vita yenyewe haijaisha. Juzijuzi tu, 2023, kulikuwa na mpango wa kuuza karibu ekari 100 za shule ya zamani ya Hungerford, iliyoanzishwa 1897 kwa ajili ya watoto weusi. Wakazi wakapinga, mkataba ukavunjika. Kwenye hoja zao Zora hakukosekana.

SALMA: Hata akiwa kaburini anautetea mji!

JUMA: Anautetea, na wao wanamtunza.

SALMA: Basi, tuna ndugu zetu Waswahili wanaotusikiliza Florida. Januari ikifika, nendeni Eatonville, kisha mturekodie mtakayoyasikia tuyaweke kwenye kipindi. Asante, kaka.

JUMA: Asante, dada. Tukutane wiki ijayo.