Siri ya Ugonjwa wa Alexei Ndiyo Iliyomleta Rasputin Ikulu

Mabibi na mabwana, kila nikiizungumzia habari hii swali la kwanza ni lile lile: ni kweli alilishwa sumu asife? Jamani, sumu tuiache. Rasputin aliuawa Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, Desemba 1916, katika jumba la mwana wa ukoo wa kifahari, Felix Yusupov, na maiti yake ikaopolewa mtoni. Basi. Tuulize aliingiaje. Mkulima wa Pokrovskoye, Siberia, si padri wala mtawa, anafikaje kando ya kitanda cha mrithi wa kiti cha Urusi?

Aliingizwa na siri. Mrithi huyo, Alexei, alizaliwa mwaka 1904 akiwa na hemofilia, damu yake haigandi ipasavyo. Ugonjwa huo Alexandra, mama yake na malkia wa Urusi, alitoka nao kwao: kaka yake Friedrich alianguka dirishani mwaka 1873, hata miaka mitatu hajatimiza, akavuja damu ndani kwa ndani hadi akafa. Madaktari hawakuwa na dawa. Ikulu ikaamua wananchi wasijue.

Twendeni Spala, Poland, Oktoba 1912. Mtoto ana miaka minane. Alikuwa amejigonga akirukia mashua, akaonekana anapata nafuu, kisha mama akamtoa matembezi kwa gari la farasi. Barabara mbovu, kila mtikisiko ukamtonesha. Damu ikajaa kinenani, mguu ukajikunja, hauwezi kunyooka. Akalia siku baada ya siku, na nyumba hiyo hiyo ina wageni! Pierre Gilliard, mwalimu wa Kifaransa, ameandika alichokiona jioni moja. Mabinti wawili wanaigiza mchezo, mama yao ameketi mbele, anacheka na wageni. Mchezo ulipokwisha, Gilliard akatoka, akasikia mtoto anaugua kwa maumivu, akamwona malkia anakimbia, gauni lake refu kalikusanya mikononi, akampita bila hata kumwona. Dakika chache baadaye amerudi kwa wageni, anatabasamu. Na mwalimu huyo alikuwa bado hajaambiwa mtoto anaumwa nini!

Hali ikafika mtoto kupewa sakramenti ya mwisho. Ndipo Alexandra, aliyekuwa akiyaamini maombi ya Rasputin, akaagiza apelekewe telegramu Siberia. Jibu likaja: mtoto hatakufa, madaktari wasimsumbue sana. Damu ikakoma.

Mtaniambia, basi si alimponya? Alikuwa maelfu ya kilomita kutoka pale, hakumgusa. Mvujo wa namna ile waweza kufika mahali ukasimama wenyewe, na kumpapasa mgonjwa mara kwa mara ni kuuchokoza. Lakini mama aliyekesha akimsikia mwanawe analia, kisha akapata telegramu ile, ungemwambia nini akuelewe? Mimi nakataa anapoitwa mjinga, na nakataa zaidi anapoitwa mzinzi. Uzushi huo ulishika kwa sababu watu walimwona mkulima akiingia kwa malkia na hakuna aliyewapa sababu. Wangeambiwa mtoto ni mgonjwa, wazazi kwa mamilioni wa nchi ile wangeelewa.

Mengine nayapita, muda umenitupa mkono. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mfalme Nicholas akaenda Mogilev, makao makuu ya jeshi, kuliongoza, mkewe akabaki na mambo ya mji mkuu. Mawaziri wakuu wanne kwa muda usiofika miaka miwili, na barua za Alexandra kwa mumewe zimejaa ushauri wa “Rafiki Yetu”, yaani Rasputin. Wapo wanaobisha kwamba uwezo wake ulikuzwa mno. Huenda, lakini Petrograd nani angeliamini hilo?

Ila la Pskov siliachi. Machi 1917, mapinduzi yamelipuka Petrograd, na ndani ya treni mjini Pskov Nicholas amekwisha kukubali kuacha kiti, mwanawe arithi. Akamwita daktari Fedorov, akamtaka amwambie kweli: mtoto atapona? Fedorov akajibu kwamba ugonjwa ule hauna tiba. Nicholas akabadili uamuzi, akamwondoa na Alexei, kiti akampa mdogo wake Mikhail. Guchkov na Shulgin, wajumbe wa Duma, bunge la Urusi, walikuwa wamesafiri kutoka Petrograd wakitarajia kurudi na jina la mtoto. Waliposikia jina jingine, walipigwa na butwaa.