Uzito Unaokaa Juu ya Boli: Kupanga Mzigo Kwenye Tela la Guzineki

Ndugu zangu madereva, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mliendesha magari makubwa nyumbani kabla ya kufika hapa Texas, na mnajua vizuri maana ya kuingia mizani, iwe Mikese au Mariakani. Kule mizani inakungoja barabarani, na ukizidisha unalipa. Hapa mtu anaweza kuvuta tela lake binafsi kwa pikapu kutwa nzima, shamba hadi shamba, pasipo yeyote kumuuliza amebeba kiasi gani. Hesabu yote imeachwa mikononi mwa dereva, na dereva wengi huianza mahali pasipo sahihi, yaani kwenye ile namba ya nguvu ya kuvuta inayotangazwa na wauzaji wa magari. Ninalotaka kuwaonyesha leo ni kwamba namba inayoamua ni nyingine. Ni uzito unaokaa juu ya boli, yaani lile tufe la chuma linaloshika tela kwenye gari, na uzito huo unaupanga wewe mwenyewe unapochagua mahali pa kusimamisha mzigo wako.

Guzineki ni tela ambalo sehemu yake ya mbele imeinuliwa, ikapita juu ya mlango wa nyuma wa bodi ya pikapu na kushuka kwenye boli iliyofungwa katika sakafu ya bodi. Boli hiyo kwa kawaida ina kipenyo cha inchi 2 na 5/16, na hukaa juu kabisa ya ekseli ya nyuma au inchi chache mbele yake. Mahali hapo ndipo penye siri ya nguvu ya guzineki. Tela la kawaida linafungwa nyuma ya bampa, futi kadhaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito wake unakandamiza mkia wa gari na kuinua pua, na tairi za usukani zinapunguziwa mshiko. Guzineki haifanyi hivyo. Boli ikiwa inchi 3 mbele ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana inchi 160, chini ya asilimia 2 ya uzito huo huenda mbele, na uliobaki wote unabebwa na ekseli ya nyuma. Ndiyo maana tela la kawaida hutakiwa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake juu ya boli, ilhali guzineki hupewa asilimia 15 hadi 25, na wazoefu wengi hulenga 20.

Sasa fungueni mlango wa dereva mtazame nguzo yake. Kuna karatasi inayosema kwamba jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi pauni kadhaa. Uzito wa juu ya boli unaingia humo humo, pamoja na wewe, abiria wako, sanduku la vifaa, na chuma chote kilichofungwa kwenye bodi kuishika hiyo boli.

Tuchukue mfano mmoja na tuumalize. Pikapu ni ya dizeli, ya daraja linaloitwa robo tatu tani, na uzito wake wa juu unaoruhusiwa, pamoja na vyote ilivyobeba, ni pauni 10,000. Ikiwa na dereva, tangi limejaa na boli imefungwa, inapima pauni 7,600: ekseli ya mbele 4,600 na ya nyuma 3,000. Zimebaki pauni 2,400. Tela likiwa tupu lina pauni 5,000, na katika hizo 1,000 zinakaa juu ya boli. Kutoka kwenye boli hadi katikati ya ekseli mbili za tela ni futi 24. Mzigo ni trekta ya pauni 8,000.

Kanuni yake ni ya mzega. Kila futi moja unayosogeza trekta kuelekea mbele inahamishia juu ya boli sehemu moja katika 24 ya uzito wa trekta, yaani pauni 333. Kitovu cha uzito wa trekta kikikaa juu kabisa ya katikati ya ekseli za tela, boli haiongezewi chochote. Inabaki na pauni zake 1,000, ambazo kwa tela lenye jumla ya pauni 13,000 hazifiki hata asilimia 8. Kikisogezwa futi 3 mbele, boli inabeba 2,000, ambayo ni asilimia 15. Futi 4, inabeba 2,333, karibu asilimia 18. Futi 5, inabeba 2,667, asilimia 20 na ushei, na tela litatulia vizuri sana, lakini pikapu imeshapita kiwango chake kwa pauni 267. Kwa hiyo katika gari hili nafasi ya kuchezea ni kati ya futi 3 na futi 4 tu, ingawa injini yenyewe ingeuvuta mzigo huo bila shida yoyote. Na hata hapo kwenye futi 4 zimebaki pauni 67: mtoto wa darasa la nne akipanda kiti cha nyuma, nafasi imekwisha. Anayetaka asilimia 20 kamili kwa trekta hii atafute gari la daraja la juu yake, liitwalo la tani moja. Kufunga mifuko ya upepo kwenye springi kutainua mkia wa gari, lakini hakuongezi hata pauni moja kwenye ile karatasi ya mlangoni.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi, nami ningependa tuichukulie kwa uzito unaostahili. Trekta ikisimamishwa futi 3 nyuma ya ekseli za tela, hesabu ileile inaondoa pauni 1,000 zote, na boli haibebi kitu. Tela lenye mbele nyepesi huanza kuyumba kadiri mwendo unavyoongezeka, na ingawa guzineki huvumilia kuliko tela la kawaida kwa sababu boli iko juu ya ekseli, uvumilivu huo una mwisho. Likianza kuyumba, usikanyage breki za gari. Achia mafuta taratibu, shika usukani pasipo kuukata, na ubonyeze kwa mkono swichi ya breki za tela peke yake. Kisha simama mahali salama usogeze mzigo.

Hali hiyohiyo hutokea pale pale mnapopakia, gari likiwa limesimama. Mashine inapopanda rampu za nyuma, uzito wake wote uko nyuma ya ekseli, kwa hiyo shingo ya tela inavuta boli kwenda juu na tairi za nyuma za pikapu zinapoteza mkandamizo, nazo ndizo zinazoshikiliwa na breki ya mkono. Usipakie kamwe tela ambalo halijafungwa kwenye gari, hakikisha komeo la boli limejifunga, weka kabari kwenye magurudumu, na kama tela lina miguu ya nyuma, ishushe kwanza.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kitovu cha uzito wa mzigo kiko wapi? Si lazima kiwe katikati ya urefu wake. Trekta ya kawaida isiyo na vifaa mbele ina uzito mwingi zaidi kwenye magurudumu makubwa ya nyuma. Zile mashine ndogo za kuchota udongo zinazogeuka papo kwa papo zina injini nyuma, hivyo ndoo ikiwa tupu uzito wake umeegemea nyuma. Ukiipandisha kwa kinyumenyume unapata uzito mbele zaidi bila kubadilisha nafasi yake sakafuni. Gusa chuma, tazama tairi ipi imebonyea, ndipo uamue. Ukishaamua, mzigo ubaki hapo. Kanuni za shirikisho za magari ya biashara zinataka jumla ya uwezo wa vifungo vya mzigo, kama minyororo, isipungue nusu ya uzito wa mzigo, na mashine ya pauni 10,000 au zaidi ifungwe kwa vifungo visivyopungua vinne.

Kulia na kushoto, weka mzigo katikati. Sakafu ya tela nayo ilale sawa, kwani pua ikiwa juu, katika matela mengi ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya sehemu yake.

Baada ya hayo yote, pimeni. Mizani za kampuni ya CAT Scale ziko kwenye vituo vingi vya malori nchini kote, na zina mabamba yanayopima kila kundi la ekseli peke yake. Kwa mfano wetu wa futi 4, karatasi ingesoma hivi: mbele 4,640, nyuma 5,300, tela 10,660. Jumlisha mbili za kwanza upate 9,940, toa uzito wa pikapu peke yake, 7,600, na zinabaki 2,340. Huo ndio uzito wa juu ya boli, karibu sawa na zile 2,333 za hesabu yetu, na hakuna njia ya kuupata kwa macho.

Nimalizie kwa wale wanaoshusha mzigo kidogo kidogo njiani, maana uwiano mliopima asubuhi hauwi uleule mchana. Anayebeba marobota ya nyasi akianza kushusha ya mbele, anapunguza uzito wa boli kila anaposimama, na mteja wa mwisho anafikiwa na tela lililolemea mkia. Mizigo ya mwanzo kushushwa ipangwe nyuma, na iliyobaki isogezwe ikibidi. Ng'ombe nao hutembea ndani ya tela. Wakiwa wachache, usiwaachie nafasi yote. Waingize chumba cha mbele, ufunge lango la katikati, ndipo uondoke.